Viatu Vimetazama Nje

Mtendaji alipita na daftari lake:
nani ana bati, nani ana choo chenye mlango,
nani hana mbwa mkali.
Nikasema mimi, kwa sauti ya mtu anayedaiwa.
Siku nne, akasema. Familia moja. Wajapani.
Akaandika jina langu, Kalunde, akalikosea,
akalifuta kwa kidole chenye mate.

Godoro niliazima kwa Nyanzobe,
naye akanihesabia madoa yake kabla sijalibeba,
asije akarudishiwa na la ziada.
Chumba kitupu kilikuwa kimoja tu,
cha Mihambo, aliyekwenda machimboni Geita
na shati lake la shule likabaki kwenye msumari.
Nilifagia, nikapaka chokaa. Shati nikaliacha.

Walifika saa tisa, Ipole nzima ikiwa barabarani:
baba Morita, mama Sachie,
na Haru wa miaka saba
aliyewaogopa kuku na kumwamini mbuzi.
Wakainama. Nami nikapiga goti, ndivyo tulivyolelewa.
Wakainama zaidi, nikashuka zaidi,
hadi mume wangu akauliza
tutafika chini lini, ugali unapoa.

Sachie alikuwa na Kiswahili cha kijitabu.
Neno lake lilikuwa samahani.
Ukimpa maji, samahani.
Ukimpa kigoda, samahani.
Nilimpa michembe ya karanga, akatafuna, akafumba macho,
akasema samahani polepole,
kama mtu anayelitia neno chumvi.

Jioni nikaviona viatu.
Jozi tatu kizingitini,
visigino kwetu, ncha nje,
vimepangwa kama abiria wa basi la alfajiri.
Hata usiku mmoja hawajalala, wameshageuza viatu!
Nikamnong'oneza Kasanda kitandani:
hawakupenda uyoga.
Akasema, lala.

Asubuhi ya pili Morita akaomba jembe.
Methali humpa mgeni jembe siku ya tatu;
huyu hakuisubiri.
Alilima tuta moja la viazi, limenyooka kama rula,
tangu umande hadi adhuhuri, tuta moja,
na majirani walileta viti.

Usiku wa tatu, taa ya sola ikififia,
Sachie akanyoosha kidole kwenye shati. Nani?
Mwanangu.
Wapi?
Nikaonyesha ukuta wa kaskazini.
Lini?
Hapo hata Kiswahili changu kikawa cha kijitabu.

Akachukua kalamu ya Haru.
Akachora mlima, na chini yake nyumba, nyumba, nyumba.
Akazipiga mstari mojamoja: hamna mtu. Hamna mtu.
Shule, akainua vidole viwili: watoto wawili.
Nyumba ya mwisho akaiacha,
ndani yake akachora kikongwe, akasema, "Mama."
Na mlangoni kwa yule mama, viatu,
ncha nje.

Nikauliza kwa kiganja: mbona hivyo?
Alipekua kurasa muda mrefu.
"Ukitoka, usihangaike," akasema. "Nyumba inakupenda."
Sijui kama ndicho alichokusudia.
Kijitabu chenyewe kilikuwa chembamba.

Wameondoka Jumamosi.
Haru alilia, kwa ajili ya mbuzi, si yetu.
Nimewafungia chupa mbili za asali kwa nailoni mbilimbili.
Nyanzobe amelifuata godoro, amelikagua juani:
madoa yaleyale, na moja jipya la asali
ambalo tutalijadili hadi mavuno.

Kandambili za Mihambo zilikuwa uvunguni.
Nimezifuta vumbi, nimeziweka kizingitini,
ncha nje, kama alivyofanya yule mwanamke.
Nikasimama.
Nikainama, nikazigeuza.

Kasanda amerudi kutoka kwenye mizinga, ananuka moshi.
Ameziona zinatazama ndani.
Ameziruka kwa hatua pana,
wala hakuuliza nani amekuja.